Kamera Isiyomwona Mke

Kamera ilimwona mume, ikauona ukuta, ikaiona hata saa mbovu iliyo juu ya mlango. Mke wake, aliyesimama nyuma ya kiti akipunga mkono, haikumwona.

"Labda imeniona sifai," mke akasema, akacheka. Yeye alikuwa fundi cherehani na mumewe fundi kompyuta, na sebule walikuwa wameigawana, huku vitambaa, kule nyaya.

"Dereva yake, programu ya kuiendesha, bado ngeni, itakaa sawa," mume akajibu bila kugeuka.

Kamera aliinunua mitumbani, na kompyuta yake ya mfumo huria haikuijua. Akatafuta mtandaoni moduli, kile kipande cha programu kinachoufundisha mfumo kukitambua kifaa, akakipata kwa mtu asiyejitaja jina. Mfumo ukamwonya kwamba moduli ile haikuwa na sahihi ya mtu anayejulikana. Kwa ubishi wa mafundi, akailazimisha iingie.

Tangu hapo hakubanduka mezani. Mke alimkuta akikitabasamia kioo cha kompyuta huku chai yake imepoa, na sebule ikinuka mafuta ya waridi, ilhali yeye manukato humpigisha chafya. Akasikia bangili zikigongana. Yeye bangili havai, zinanasa kwenye uzi. Wivu ukampanda.

"Unaongea na nani humu?"

"Na wewe. Si ulikuwa hapa sasa hivi?"

Alasiri moja akanyata hadi nyuma ya kiti, tayari kumfumania na mwanamke wake wa mtandaoni, akamshika bega na kuchungulia, akaona kwenye kioo sebule yao wenyewe, cherehani yake mwenyewe, na mwanamke aliyevaa gauni la kijani ambalo yeye mke alikuwa akijishonea na ambalo mpaka dakika ile lilikuwa limetundikwa ukutani halijatiwa mkono mmoja, naye amemshika mumewe bega la pili, akimkodolea yeye macho ya wivu, kana kwamba mwizi wa mume ni yeye.

"Nani huyo?" akanong'ona.

"Si wewe? Leo umependeza kweli."

"Mimi niko huku nyuma! Itoe hiyo moduli, mume wangu. Itoe!"

Mume akatazama kioo, akatazama gauni ukutani. Akaandika amri ya kuiondoa. Mfumo ukakataa: moduli inatumika.

"Inatumiwa na nini? Nimefunga kila kitu," akasema kwa sauti ya chini.

Mke akaichomoa kamera. Picha ikakatika, lakini taa yake ndogo ikabaki inawaka mezani, waya ukining'inia. Mume akarudia amri. Inatumika. Basi akakandamiza kitufe cha kuzimia kompyuta mpaka feni ikanyamaza, na ile taa ndogo ikafifia, ikazimika.

Mke akashusha pumzi, machozi yakimlengalenga. "Imekwisha. Hebu nitazame."

Mume akageuka. Macho yake yakampita kama yanavyoupita ukuta, yakaenda mlangoni, yakarudi.

"Mke wangu? Umekwenda wapi?"

"Niko hapa!" Akamtikisa, akamshika uso kwa mikono miwili, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na mume akaendelea kumtafuta kwa macho mle sebuleni huku harufu ya waridi ikizidi na bangili zikilia taratibu karibu na kiti. Kisha mume akainua mkono, akakipapasa kitu begani pake, akatabasamu.

"Kumbe uko hapa," akasema, akatulia.