Njia ya Baba Bustanini

Fundi cherehani alikuwa amechoka. Hakuchoshwa na kushona. Alichoshwa na taka za watu.

Kila asubuhi alimshika baba yake mkono, wakavuka barabara kwenda bustani ya mtaa. Baba alikuwa amepooza mguu mmoja. Daktari alisema atembee kila siku, la sivyo mguu ungekakamaa. Nyumbani palikuwa na ngazi na chumba chembamba. Njia tambarare ilikuwa ile ya bustanini tu. Nayo ilijaa maganda, mifuko ya taka na nywele za wateja wa kinyozi.

"Baba, inua mguu. Kuna ganda."

"Nimeinua."

"Inua tena. Kuna jingine."

"Mwanangu, hapa natembea au naruka viunzi?"

Fundi alifagia. Kesho yake taka zilirudi. Alipofoka, watu walimwita Mama Polisi. Basi akashona bango la kitambaa chekundu: USITUPE TAKA HAPA. Akalifunga kwenye nguzo. Asubuhi alikuta mifuko ya taka imepangwa vizuri chini ya bango lenyewe!

Siku hiyo baba aliteleza, akaanguka. Hakuvunjika, lakini aliogopa sana.

"Kule sirudi," alisema, akageukia ukutani.

Fundi akaenda kummwagia hasira zake jirani yake, afisa maendeleo ya jamii. Mtaani walimwita Bi Taratibu.

"Dada, hawa watu wana macho kweli? Nimewaandikia herufi kubwa kama sahani!"

"Umewaonyesha jalala. Sasa hata mgeni halikosi."

"Unanicheka?"

"Kidogo tu. Umewaambia wasitupe pale. Wakatupe wapi?"

Kweli hapakuwa na mahali. Gari la taka lilisimama mbali, tena saa ambayo watu walikuwa kazini.

"Halafu," Bi Taratibu aliendelea, "watu huchafua mahali wanapodhani hapana mwenyewe. Twende tuwaulize kila mmoja anaikumbuka bustani kwa lipi."

"Hadithi! Baba yangu anaanguka, wewe unataka hadithi!"

Lakini alikwenda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Walianza kwa kinyozi. Alisimamisha mashine, akatabasamu.

"Lile benchi la saruji? Pale ndipo mke wangu alipokubali nimpose."

"Na pale pale unamwaga nywele za watu, shemeji?" fundi alifoka.

Kinyozi akatazama viatu vyake.

"Mkeo anajua?" mteja aliuliza. Kibanda kizima kikaangua kicheko.

Muuza magazeti alijifunzia baiskeli bustanini. Mama wa duka alimwona mwanawe akipiga hatua za kwanza pale. Kumbe kila mtu alikuwa na kipande chake!

Jumamosi wakaalikwa wote, kila mtu asimulie akiwa amesimama mahali pake. Nani angependa kusimulia posa yake akiwa juu ya maganda? Walianza kwa kufagia, bila kuhubiriwa.

Baada ya hadithi wakapatana. Mapipa yenye vifuniko yakawekwa kando ya duka. Bi Taratibu alikwenda manispaa, gari la taka likaanza kusimama hapo mapema asubuhi. Majirani wakagawana njia ya kufagia. Kinyozi aliomba sehemu ya benchi mwenyewe.

Kumrudisha baba ndiyo iliyokuwa kazi. Fundi alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Hatimaye baba alichukua fimbo yake. "Twende, maana kelele zako zitanimaliza kabla ya huo mguu."

Njia ilikuwa safi. Ila pale langoni, mpita njia mmoja alidondosha ganda la ndizi.

"We kaka! Pipa lile pale, hulioni?" Fundi alimsimamia mpaka akaliokota. Alipogeuka, baba hakuwapo. Akaangaza huku na huku. Akamwona mbele, peke yake, fimbo ikigonga njia kavu, mguu ukifuata polepole.

"Baba! Ningoje!"

"Wewe gomba tu, mwanangu," baba alijibu bila kugeuka. "Mimi natembea."