Kilimia Juu ya Kitulo

Kila jioni, baada ya giza fupi la kupumzisha mimea, vioomwezi vilimaliza kugeuka angani na nuru ikamwagika juu ya bonde la Usangu. Vilikuwa vioo vyepesi kama karatasi, kila kimoja kikubwa kuliko uwanja wa mpira, vikielea nje ya hewa ya dunia na kurudisha jua la upande wa pili. Mpunga ulikua usiku na mchana. Njaa iliyowapukutisha watu wakati wa ukame mkuu ikabaki masimulizi. Aliyevibuni alikuwa mhandisi Sekela Mwambene, na Mbeya nzima ilimheshimu kwa hilo.

Binti yake, Atupele, alikuwa na miaka kumi alipoanza kujikwaa kwenye vizingiti. Ugonjwa ulikuwa unamkausha retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea nuru, na hata madaktari wa zama hizo walikuwa hawajaupatia dawa. Mtoto akaomba jambo moja tu: afundishwe makundi ya nyota ambayo bibi yake alikuwa akimsimulia, hasa Kilimia, kile kikundi kidogo kilichowaambia wakulima wa kale washike majembe. Mjini nyota zilifichwa na taa. Sekela akamwambia wangekwenda mlimani wiki ijayo. Wiki ijayo kukawa na kioo cha kurekebisha. Iliyofuata kukawa na wageni. Mchana mmoja daktari alipomwambia kuwa macho yasingefika mwisho wa mwezi, Sekela aliacha kazi mezani, akamvalisha mwanawe koti, wakapanda Kitulo kwa gari lisilo na dereva.

Walitandika blanketi nyasini, wekundu wa machweo ukiwa haujaisha. Giza lilipoingia, Sekela alikishika kidole cha mwanawe akakiongoza kutoka nyota hadi nyota. Atupele aliona kama mtu anayechungulia kupitia tundu la mwanzi, kwa hiyo kila nyota ilibidi itafutwe peke yake. Walianza na ile nyekundu, moyo wa kundi la Nge, wakapanda mgongoni hadi kwenye mkia uliojikunja. Akipotea, alirudi moyoni akaanza upya bila kuambiwa. Mwishowe akamfuata Nge mzima bila kushikwa mkono, akacheka, kisha akauliza Kilimia kiko wapi.

"Bado hakijachomoza," Sekela alisema. "Kitatokea kule mashariki, nyuma ya kilima."

Lakini alijua ni nini kingetangulia kutokea. Akasogea pembeni, akampigia Lusajo, mkuu wa zamu katika kituo cha kuongozea vioo, akamwomba avicheleweshe kidogo tu. Akamweleza na sababu. Lusajo akajibu kwa sauti ya chini.

"Vilianza kugeuka tangu mchana, Mama Atupele. Nikivizuia sasa vitagongana, na vipande vitawaangukia watu wa bondeni. Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo."

Sekela alimwambia aviache.

Nuru ikaja. Nyasi zikapata vivuli, na Nge akafutika kuanzia mkiani. Atupele hakulalamika. Alimsikia mama yake akivuta pumzi kwa shida, akaendelea kuinua uso, akitazama na kutazama, kisha akanyoosha kidole.

"Mama, nimekiona."

"Umeona nini, mwanangu?"

"Kilimia. Nyota sita, zimesongamana kama vifaranga. Kizuri kweli. Kwa hiyo usilie."

Kidole kilielekea magharibi, penye mng'aro mtupu wa kioomwezi. Sekela alikitazama kidole kile kwa muda. Akakishika, akakibusu.

"Ndicho hicho," alisema. "Umekipata."

Akamfunika blanketi, akamlaza kifuani, akageukia mashariki. Saa ya Kilimia ilifika; alijua kimekwisha kupanda juu ya kilima, mahali palepale alipomwonyesha. Alikodoa macho mpaka yakamuuma, asione hata nyota moja.