Shemeji wa Daktari Alifuta Rekodi, Nikafukuzwa Mimi

"Kinya, toka. Na usirudi hapa."

Daktari Kaimenyi aliniambia hivyo mbele ya wateja...

Nyuma yake alisimama Mwirigi, anakula ndizi. Yeye ndiye alikuwa amemwambia kwamba nimefuta rekodi za ng'ombe wote. Mimi napoteza kazi, yeye anamenya ndizi ya pili.

Wasomaji wangu, wacha niwarudishe nyuma kidogo mumjue huyu kiumbe.

Pale Ruiri tulikuwa tunapandisha ng'ombe wa maziwa kwa mbegu. Mkulima akipiga simu kwamba ng'ombe wake ana joto, yaani anataka dume, mimi karani naangalia kwa komputa alizaliwa kwa mbegu ya dume gani, asije akapandwa mbegu ya baba yake mwenyewe. Kisha namtuma mtu wa pikipiki. Bila hizo rekodi, sisi ni watu wa kubahatisha tu.

Komputa zilipoongezeka, zikahitaji mtu wa kuziunganisha. Daktari akamleta Mwirigi, ndugu ya mke wake.

Ujuzi wake? Aliweka wifi kwa boma ya mama yake. Basi! TV ikashika, binamu wakacheza gemu, naye akaanza kujiita mtaalamu wa mitandao.

"Kwetu nyumbani hatuna mambo mengi," alituambia siku ya kwanza. "Password moja, kila mtu anaingia."

"Hata wateja?"

"Madam, wacha uchoyo."

Akaibandika hiyo password ukutani. Wakulima wakawa wanakuja kukaa pale hata kama hawana shida na ng'ombe, wanaangalia mpira kwa simu. Nikamwambia awatenganishe na komputa zetu, tena aweke nakala ya rekodi mahali pengine. Alinicheka. Eti kwao hakuna mtu huweka nakala.

Mtandao ukawa mzito, mpaka ungeweza kusukwa nywele ukingoja rekodi moja ifunguke.

Na Mwirigi ana dawa moja tu, ile ya nyumbani. Reset.

Akareset ruta. Wapi. Akaingia kwa ile boksi nyeusi inayohifadhi rekodi zetu zote, nayo akaireset. Mashine ilimuuliza kama kweli anataka kufuta kila kitu. Yaani mashine ilimshinda akili. Yeye akabonyeza ndiyo.

Asubuhi hakukuwa na ng'ombe hata mmoja kwa komputa.

"Kinya ndiye alifunga ofisi jana," Mwirigi akasema, bila hata kupepesa macho.

Basi nikafukuzwa. Nilitoka nalia, siwafichi. Nina mama mgonjwa kule Muthara na dawa zake zinategemea huo mshahara.

Mlangoni nikapatana na Ciakuthii, mama yake Mwirigi, ambaye ni mama mkwe wa Daktari. Alikuwa amekuja kuita mtu wa mbegu.

"Kinya, unalia nini?"

"Nimefutwa kazi, mama. Wanasema nimepoteza rekodi zote."

Akashangaa. "Wewe? Si ni Mwirigi alizitoa? Jana aliweka kwa status."

Akatoa simu. Na kweli, Mwirigi huyo hapo kwa video, ameegemea ile boksi, meno yote nje: "Mtandao ilikuwa slow, nimereset kila kitu mpaka hii boksi. Sasa ofisi iko fresh. Mniheshimu."

Jamani... mtu anajirekodi akiharibu, halafu anaomba heshima!

Ciakuthii hakuniuliza lingine. Aliingia ndani, nami nikamfuata. Daktari alimwona mama mkwe akaruka kutoka kitini, macho yakaenda sakafuni.

"Kaimenyi, hii video umeiona?"

Daktari akaanza kupanga karatasi za mezani.

"Nimekuuliza."

"Niliona jana jioni, mami."

Alijua! Alilala akijua, akaamka akijua, akaja kunifukuza.

"Sasa huyu msichana umemfukuza ya nini?"

"Shemeji ningemwambia nini, mami? Nyinyi ni wakwe zangu."

Kwetu mtu hamgombezi ndugu ya mke wake ovyo, hiyo najua. Lakini kama ni lazima mtu aumie ndio heshima ya wakwe ikae, kwa nini awe karani?

Ciakuthii akamgeukia mwanawe. "Simu yangu ulireset, picha za baba yako zikaenda zote. Nikanyamaza kwa sababu ni nyumbani. Hapa ni ng'ombe za watu, Mwirigi."

Mwirigi akaficha ganda la ndizi mfukoni.

Daktari akakohoa. "Kinya, rudi kwa kiti chako. Yameisha."

"Nitarudi, Daktari. Geuka tu umwambie Mwirigi: wewe ndiye ulifuta."

Aligeuka. Akafungua mdomo. Ofisi nzima tukangoja...

"Shemeji," akasema polepole, "umekunywa chai?"

Nilichukua mkoba wangu nikaondoka.

Siku hizi niko Embu, kwa duka la dawa za mifugo. Mtu wa mtandao wetu hana undugu na yeyote, na akikosea anaambiwa.

Funzo ni hili. Aliyezoea wifi ya kwa mama yake, msimpe ofisi mpaka ajue kwamba vitu vya ofisi vina wenyewe. Na bosi akimwogopa shemeji kuliko anavyoogopa uongo, ondoka mapema. Mimi nilingoja mpaka nikafukuzwa.