Friza Ilipolia, Waliifunika kwa Vitenge

Ndugu wasomaji, nina miaka arobaini na mitatu, na ninayoyaandika hapa ni aibu yangu mwenyewe.

Nilivuka ziwa kutoka Kongo pamoja na jirani yangu, Mama Feza. Hapa Nchelenge, ng'ambo ya pili, tukaanza kununua samaki wa kisiwa cha Kilwa kilichomo ziwani humu na kuwapeleka kuuza mjini Mansa. Mimi nilikuwa bosi, yeye na wanawake wengine wawili walisafisha na kupanga samaki.

Kila asubuhi tulianza kwa maombi. Hapo nikaweka desturi yangu: aliyekosea jana anasimama mbele ya wenzake, anataja kosa lake na kuomba msamaha. Niliiita nidhamu. Nidhamu gani ile!

Mwaka jana nikanunua friza ya sola. Fundi alituelekeza sote: taa nyekundu ikiwaka na friza ikianza kulia, niitwe upesi. Wiki ile ile Mama Feza akasahau kufunga mlango wa friza. Nikamsimamisha, mama mzima mwenye wajukuu... Alilia. Nami nikaanzisha wimbo!

Baadaye nilikwenda Mansa, nikapata mteja mkubwa mwenye mgahawa. Nilirudi baada ya siku mbili, furaha tele. Mlangoni nikapokewa na uvundo. Samaki wote wameoza! Friza ilikuwa imefunikwa vitenge vitatu ili mlio usisikike.

Nilipandwa na hasira, nikapiga kelele kwamba wamenisaliti. Simu walikuwa nayo, kwa nini hawakunipigia?

Mama Feza akajibu polepole: "Mama Neema, tuliogopa. Mutu mwenye kuleta habari mubaya, njo ule unamusimamisha mu maombi. Kila mutu alikuwa anangoya mwenzake aseme."

Badala ya kusikia, nikamfukuza! Wale wawili wakamfuata. Mteja naye akaenda kwingine. Na friza? Fundi alibadilisha waya mmoja tu... waya!

Mwezi uliopita nilimfuata Mama Feza kijijini Kafutuma, anakolima mihogo. Nikapiga magoti. Alinipa kiti, akanipa maji, akasema amenisamehe. Nilipomwomba arudi kazini, akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Huku nikikosea, nakosea tu, kazi inaendelea."

Wenzangu wenye biashara ndogo, kabla ya kununua mashine jiulizeni: je, mfanyakazi wako anaweza kukuambia imeharibika bila kutetemeka? Kama hawezi, iache dukani! Nawasihi, msipite nilikopita. Friza yangu inafanya kazi vizuri sana. Ila sasa napanga samaki peke yangu, na hakuna wa kuniambia nimekosea.