Sauti Nyuma ya Pazia

"Shika vizuri, kitambaa kinapinda," alisema shangazi.

Chiriku alikivuta kitambaa cha bluu cha sare ya shule upande wa pili wa cherehani. Shangazi alikanyaga, cherehani ikaitika tak-taka-tak, naye akaimba kwa mdundo huo, kama kila alasiri: "Sindano tangulia, uzi fuata…"

"Leo umemeza ulimi?" shangazi aliuliza. Chiriku alipewa jina hilo kwa kupenda kuongea. Kuimba hakujui, sauti yake hukwaruza kama bawaba yenye kutu.

Simu ya shangazi iliwaka mezani. Chiriku aliigeuza kifudifudi. Wiki iliyopita alijirekodi nayo mbele ya pazia akichezesha midomo, huku shangazi akishona na kuimba nyuma ya pazia bila habari. Akaiweka video mtandaoni na kuandika: "Wimbo wangu." Alitaka kuwachekesha wenzake wa darasani tu. Sasa mtayarishaji wa muziki wa mji wa mbali alikuwa ameandika kwamba angepiga simu ya video saa kumi, amsikie akiimba.

Saa kumi kasorobo, Chiriku aliachia kitambaa.

"Shangazi, nimeiba sauti yako."

Alieleza yote. Mguu wa shangazi ulisimama.

"Wametazama wangapi?"

"Elfu arobaini."

"Wanajaza uwanja wa mpira hao?"

"Wanajaza, na wengine wanabaki nje. Mama mmoja ng'ambo anasema anauimba akiosha vyombo."

"Wimbo wangu wa kukunjia pindo?" Shangazi aliitazama ile simu ndogo kama aliyeona bahari ndani ya kikombe.

Simu ikalia.

"Pokea. Mwambie kama ulivyoniambia."

Chiriku alimwambia, machozi yakimlengalenga.

"Niliona midomo yako inachelewa," mtayarishaji alisema kwa upole. "Zamani nilizunguka kumbi mwaka mzima kutafuta sauti moja. Siku hizi sauti inanifuata mezani, lakini mwenyewe simjui mpaka mtu aseme kweli. Basi, yuko wapi? Na mpiga ngoma je?"

Shangazi alikanyaga cherehani, akaimba. Alipomaliza, mtayarishaji alisogeza uso karibu na kioo.

"Ngoma ni cherehani!" alinong'ona. "Mama, naomba turekodi sasa hivi."

"Kesho, mwanangu. Kwanza tuna kosa la kurekebisha."

Chiriku aliifuta video. Akaandika kwamba mwimbaji ni shangazi yake, fundi cherehani, na kwamba yeye aliwadanganya.

"Ungeniomba, ningekubali," shangazi alimwambia. "Simu hii inafikisha sauti mahali ambapo miguu yangu haitafika. Ndiyo maana uongo wako nao ulifika huko. Kazi ya mtu ukiipeleka mbali, ipeleke pamoja na mwenyewe."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Ila kesho utaitikia, hata kwa sauti ya bawaba."

Walifunika cherehani. Mkono wa sare ulibaki chini ya sindano, umeshonwa nusu.