Transfoma ya Bondeni

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake, fundi viatu alitazama mbingu. Kisha alitega sikio mlangoni kwa dada yake. Akisikia mashine inanguruma, alishusha pumzi. Asiposikia, aliingia mbio.

Mtaani walimwita Mzee Lawama. Tangu mkewe afariki, hakuna mkubwa aliyepona mdomo wake. Barabara mbovu, ni wakubwa. Maji machafu, ni wakubwa. Hata kiatu alichoshona mwenyewe kikifumuka, alisema wakubwa wameruhusu nyuzi mbovu ziingie sokoni.

Dada yake mkubwa, aliyeishi naye nyumba moja, aliitwa Bi Redio kwa sababu akianza kusema hazimwi. Mapafu yake yalikuwa yamechoka. Alipumua kwa mashine ya oksijeni, na mashine ilitaka umeme mchana na usiku. Alisema maneno mawili matatu, akavuta pumzi, akaendelea pale pale alipoishia. Umeme ukikatika, Lawama alimhamishia kwenye mtungi wa akiba. Mtungi ule una mshale unaoonyesha oksijeni iliyobaki. Ulipoanza kushuka, Lawama alikaa roho mkononi.

Na mvua zikija, umeme ulikatika sana. Transfoma ya mtaa ilikaa chini, ndani ya uzio, bondeni kando ya mtaro. Mtaro ukifurika, maji yaliingia, na umeme ukazimwa mpaka pakauke. Kila mwaka mafundi wa kampuni ya umeme walikuja, wakabadilisha kilichoungua, wakaondoka. Mwaka uliofuata, yale yale.

Safari hii, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya, afisa mipango wa kampuni aliitisha mkutano katika darasa la shule. Alikuwa mama wa makamo. Lawama alitazama viatu vyake kwanza, akaona vimejaa tope la mtaroni. Huyu angalau amefika, akajisemea.

Afisa alieleza kwamba kampuni inapanga uwekezaji. Maana yake, inaamua mapema fedha za mwaka zitengeneze nini, ili mvua zisiwe zinazima umeme ovyo. Fedha hazitoshi kila kitu. Akawauliza waanze na kipi.

Darasa likawa soko. Vijana walitaka taa za njia panda. Wenye maduka walitaka mita mpya. Kinyozi, ambaye sauti yake imezoea kushindana na mashine za kunyolea, alisema taa, na wengi wakamuunga mkono. Lawama akasimama.

"Mnapaka rangi kiatu ambacho soli imefunguka," alisema. "Transfoma inakaa majini. Na walioiweka huko wana vyeti ukutani."

Watu walicheka. Afisa hakucheka.

"Ni kweli, mzee, imekaa pabaya. Lakini ilipangwa ikae juu, kwenye kile kiwanja kitupu nyuma ya kibanda cha kinyozi. Mtaa ukakataa. Mlisema italipuka. Mkaomba ipelekwe bondeni, ambako haishi mtu."

Lawama alikuwa na jibu tayari.

"Na nyinyi mkakubali. Sisi tuliogopa kwa kutojua. Nyinyi mlijua, mkafunga midomo."

Afisa alikiri kwamba hapo kampuni iliteleza. Ilikwepa ubishi, badala ya kukaa na watu na kuwaeleza.

Mvua ikaanza kugonga bati, upepo ukasukuma miti kwenye nyaya. Taa ya darasa ikazimika.

"Leo hata Bi Redio atapumzika," kinyozi alitania.

Hakuna aliyecheka. Lawama alikuwa ameshatoka mbio. Kinyozi akakumbuka ile redio inategemea nini, akatamani kuyameza maneno yake. Yeye na afisa wakamfuata.

Walimkuta chumbani akihangaika na koki ya mtungi. Mashine ilikuwa ikilia mlio wa hatari. Bi Redio alitazama dari, midomo imefifia rangi, hasemi neno. Hapo ndipo watu walipoogopa kweli. Hewa ilipoanza kupita, wote walitazama mshale. Ulikuwa chini ya nusu.

"Utatosha mpaka saa ngapi?" afisa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Waulize wakubwa wako."

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Aliuliza kile ambacho mtaa mzima bado uliogopa: transfoma ikija nyuma ya kibanda chake, halafu ikalipuka?

Afisa alimweleza taratibu. Transfoma itakaa juu ya zege, mbali na nyumba, ndani ya ukuta na geti la kufuli. Kukitokea hitilafu, kuna kifaa kinachokata umeme chenyewe. Watu wasiisogelee tu.

"Transfoma ya kuogopa ni ile inayoingia maji," alisema. "Na hiyo mnayo tayari."

"Na waya ukikatika huko njiani?" Lawama aliuliza, macho kwenye mshale. "Transfoma itatusaidia nini?"

"Ndiyo maana tunataka kuvuta njia ya pili kutoka upande mwingine. Moja ikifa, swichi inahamishia umeme kwenye nyingine. Na miti inayogusa nyaya ipunguzwe kabla ya mvua." Akamgeukia kinyozi. "Hatupangi kwa kufuata mwenye sauti kubwa. Tunauliza umeme ukikatika, nani hawezi kusubiri. Mgonjwa, zahanati, pampu ya maji. Kisha tunauliza unakatikia wapi kila mara. Fedha zinaanzia hapo. Taa zitafuata."

Kinyozi alimtazama Bi Redio.

"Ileteni nyuma yangu," alisema.

Umeme ulirudi jioni, mshale ukiwa karibu kulala. Bi Redio akavuta pumzi. "Kiwanja chenyewe... kinanuka," alisema. "Transfoma... itakipamba."

Mtaa ulikubali mpango. Afisa hakuwaficha: kazi haitaisha kabla ya mvua zile. Kwa hiyo aliwataka wenye wagonjwa wa mashine waijulishe kampuni, ili wapewe taarifa umeme unapozimwa kwa matengenezo, na wasikose mtungi uliojaa. Lawama akatafuta mtungi wa pili, akaumaliza msimu ule akitazama mbingu. Ujenzi ulipoanza, alifika kila siku na lawama zake. Geti halifungi vizuri, alisema. Mafundi walicheka, wakaenda kuangalia. Kweli, halikufunga. Wakalitengeneza.

Mvua zilizofuata zilikuja kwa hasira. Mtaro ulifurika, na kule chini nguzo moja ikalala. Chumbani mashine ilinyamaza. Lawama aliruka, mkono kwenye koki.

Kabla hajaizungusha, mashine ikanguruma tena. Umeme ulikuwa umepita njia ya pili. Bi Redio, aliyekatishwa katikati ya umbea, akaendelea pale pale alipoishia. Alipomaliza akamtazama ndugu yake, ambaye bado ameshika koki.

"Iachie, mdogo wangu. Sasa... utamlaumu nani?"

Lawama alitega sikio kwenye mashine, ndipo akaiachia koki.

"Nitamtafuta," alisema. "Taa za njia panda bado hazijaja."