Pawasaplai la Mwinjuma

Siku ya gulio stendi ya Korogwe haina pa kuweka mguu, lakini Yusra, anayepamba kumbi, alipenya na gauni lake la kitenge cha njano mpaka kwenye kibanda cha fundi Mwinjuma. Alitaka adapta ya kuwashia taa mia tatu za mkanda, zile ambazo kila moja inabadili rangi yake. Jumamosi alikuwa na ukumbi wa sendofu wa kupamba Handeni, sherehe ya kumuaga bibi harusi, kazi yake kubwa ya kwanza. Ikiharibika, hakuna atakayemwita tena.

Mwinjuma alimpenda palepale, na palepale akaharibu. Alimpokonya adapta ndogo aliyoichagua, akamwekea pawasaplai kubwa la bati lenye matundu. "Chukua hili, dada."

Yusra akasoma: volti tano, ampea thelathini. Ile ndogo ilikuwa volti tano, ampea mbili. Akaona fundi anataka kumuunguzia taa zake, akaondoka na ile ndogo.

Namba ya fundi ilikuwa kwenye risiti, na jioni ile Yusra akaipiga kwa kisingizio cha kuuliza waya. Siku nne wakapigiana simu, mpenzi huku, fundi wangu kule, na kila wakifika kwenye adapta wananuniana. Mwinjuma alisema tu ile ndogo haifai, basi. Jamani, mtu mzima kushindwa kueleza jambo!

Jumamosi saa tisa alasiri Yusra akawasha. Taa zikafifia, zikawa nyekundu mwishoni, kisha harufu ya plastiki ikatoka nyuma ya pazia. Alichomoa waya vidole vikiungua, pazia likiwa limeshababuka. Akapiga simu.

"Inanuka. Njoo."

Mwinjuma alifika na bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi, amekumbatia lile dude. Huku akifunga waya na fyuzi, ndipo akaeleza: volti lazima zilingane, lakini ampea zikizidi hazidhuru, taa huchukua zinazohitaji tu. Mia tatu zikiwaka nyeupe zote hutaka karibu ampea kumi na nane. Ile ndogo ilikuwa inabebeshwa mzigo usio wake.

Ukuta mzima ukawaka. Yusra alitaka kumkumbatia, na alitaka kumzaba kofi.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Nilidhani unajua."

"Ningejuaje?"

Mwinjuma akainamia bisibisi yake. "Nataka kukuoa, Yusra. Na hilo nalo nilidhani unajua."

Yusra akashusha pumzi, akampangusa vumbi kwa upande wa mtandio.

"Tuma mshenga kwa mama, kule Kerenge," akasema. "Na awe mtu anayeeleza vitu. Wewe ukae kimya."